Fungate ya Injini

Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuyaeleza haya. Shule niliiachia darasa la saba, na mambo ya injini nayajua kwa masikio na pua kuliko kwa kusoma. Lakini nilikuwepo tangu mwanzo, na wenzangu waliokuwepo kila mmoja akisimulia hujitoa yeye. Nitajaribu nisimtoe mtu, wala nisimbandike mtu.

Tuktuk ni ya dadangu. Mimi nilikuwa naiendesha asubuhi, na mumewe, mwamu wangu, akiichukua baada ya adhuhuri. Injini ya zamani ilipokufa, dadangu aliuza vikuku vya dhahabu alivyoachiwa na mama, akanunua injini mpya ya ndani ya sanduku, bado ina grisi. Kitu kingine cha kuuza hakuwa nacho. Sote watatu tulilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Sisi madereva wa Makadara, hapa Mombasa, injini mpya tunaiweka fungate. Bi arusi wiki ile ya kwanza hapewi kazi, na injini nayo vivyo hivyo: haibebeshwi magunia, haipandishwi mlima kwa kishindo, na hutiwa oili ya kawaida. Fungate ikisha ndipo hutiwa sinthetiki, ile oili nyepesi inayong'aa, ambayo dereva akiishika chupa yake hujiona ameshika attari, manukato ya thamani. Nani alianza mtindo huo sijui. Mimi niliukuta.

Fundi aliyeifunga injini alitueleza sababu, na nitayaandika maneno yake nilivyoyasikia. Alisema ringi za pistoni zikiwa mpya huwa bado hazijazoeana na silinda. Lazima zisuguane kidogo mpaka zikae. Oili ya kawaida inaziacha zisuguane. Sinthetiki ikiingia mapema huteleza mno, ringi zikapita juu juu bila kushika, na oili ikapenya kwenda kuungua. "Fungate kwanza," akasema, "kisha mutie muitakayo." Hakusema zaidi ya hapo, na sisi hatukuuliza zaidi ya hapo.

Siku ya pili yake khalati yake mwamu, dada wa mamake, akafariki, nyumba ya Kibokoni. Tuktuk tukaiegesha kwenye kichochoro karibu na mlango wa matanga, na pale ikakaa. Ilitoka kidogo tu, kumpeleka mgonjwa mmoja nyumbani Buxton na kuchukua sufuria za kupikia hitima. Baadaye mvua ikanyesha, maji yakajaa vichochoroni, ikalala tena. Nilikuwa nikipita nikiiona imefunikwa turubai, watu wameegemea, na moyo wangu hautulii. Lakini moyo wangu huwa hautulii kwa mengi, kwa hiyo sikuupa kazi.

Wiki ilipotimia, mwamu akaja asubuhi na chupa mkononi, amevaa kanzu, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Fungate imekwisha, mwamu. Leo bi arusi anatoka ndani."

"Lakini haikutembea," nikamwambia.

"Bi arusi naye hutembea? Si hukaa ndani?"

Nikacheka. Dadangu alikuwa dirishani, naye akacheka. Kwa haki kabisa, hesabu ile ilikuwa hesabu ya sote watatu, na mwamu aliinunua chupa ile kwa mapenzi, akitaka injini ya mkewe ipate kilicho bora. Akaimwaga oili ya kawaida, ikatoka na vumbi la chuma linalometameta kama magamba madogo ya samaki. Akatia ile mpya. Injini ikawaka laini, sauti ya chini, mpaka nikaona haya kwa wasiwasi wangu.

Moshi niliuona kwanza Kizingo. Nilikuwa nimemshusha mama mmoja mbele ya geti la nyumba kubwa, na nilipoiwasha tena, mlinzi wa pale akaweka mkono puani.

"Ahsante, mzee! Mbu wa huku walikuwa wametuzidi."

Nikageuka. Nyuma yangu, chini ya miti, palikuwa na wingu jembamba la rangi ya buluu, halipandi wala haliondoki. Njia zile za Kizingo ni kimya, gari moja moja tu hupita, na wingu lile likabaki limesimama mahali nilipokuwa nimesimama. Nikajiambia ni oili iliyomwagikia ekzosi wakati wa kubadilisha. Hilo hutokea. Sikuwa najidanganya, au labda nilikuwa.

Kesho yake likaja zito zaidi. Makadara, mbele ya wauza viazi, dereva mmoja akanipigia kelele: "Yakhe, wafukiza ubani gani huo? Nani kaolewa?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika pembeni nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Alama ya juu ilikuwa kavu. Nikapangusa, nikatumbukiza tena, nikitumai nimekosea. Oili ilikuwa imeshuka, na chini ya tuktuk, barabarani, hapakuwa na hata tone. Ilikuwa haivuji. Ilikuwa inaliwa.

Nilimwambia mwamu alipokuja kuipokea. Akaongeza oili, akasema injini mpya huwa na tabia hizo, itaacha. Sikumbishia, maana nami nimewahi kusikia hivyo. Tukawa tunaongeza, na haukupita muda inataka tena. Na kila asubuhi nilipoiwasha nilikuwa nashusha kichwa kwanza, nisiuone ule moshi kabla sijasikia sauti. Sauti nayo ikaanza kubadilika. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo ndani yake, kama mtu anayesafisha koo kwenye chumba cha pili.

Dadangu ndiye aliyetusimamisha. Alitoka mlangoni asubuhi moja, mikono ina unga wa mahamri, sote wawili tupo.

"Kaka, nambie. Moshi huu wa n'ni?"

Kabla sijajibu mwamu akasema, "Ni mvuke, mke wangu. Baridi ya asubuhi."

"Baridi gani ya Mombasa?"

Hapo hakucheka mtu. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao, kwamba oili inaungua na sijui kwa nini sawasawa. Akaingia ndani, akatoka na buibui. Tukaenda kwa fundi, yeye amekaa nyuma na mumewe.

Fundi aliuona moshi kabla hatujasimama. Akatia kidole kwenye oili, akakisugua na kidole gumba.

"Nani aliyewaambia mutie hii?"

"Wewe," mwamu akasema. "Si ulisema fungate?"

"Nimesema fungate ya gari litembealo! Gari limelala matangani, fungate gani hiyo? Kwani ringi zajua kalenda?"

"Hukutueleza hivyo."

Fundi akatazama tena kidole chake chenye oili. Kisha akasema, na namheshimu kwa hilo, "Sikueleza. Nilidhani mwajua." Akatuonyesha kwenye kijiti chenyewe. Ilitakiwa oili ya kawaida imwagwe mapema pamoja na vumbi lake la chuma, itiwe ya kawaida tena, gari lifanye kazi, mpaka ifike siku kijiti kinabaki na alama ile ile kutoka kubadilisha oili mpaka kubadilisha tena. Hapo ndipo ringi zimekaa. Hapo ndipo sinthetiki. Wiki haina lolote la kusema.

Lazima niandike pia kwamba nawajua wenye pikipiki walioanza na sinthetiki tangu tone la kwanza, na injini zao hazina neno. Kiwanda kingine husema hivi, kingine vile. Huenda injini ile ilikuwa na ila yake tokea kwenye sanduku. Siwezi kuapa.

"Sasa tufanyeje?" dadangu akauliza.

"Tuirudishie oili ya kawaida, muipandishe mlima ikiwa na mzigo. Pengine ringi zitashika. Au tuifungue leo."

"Ingekuwa yako?"

Fundi akafuta mikono kwenye kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekwisha kuwa safi. Dadangu akasema tujaribu mlima, na fundi akairudishia oili ya kawaida.

Tukaelekea daraja la Nyali, mimi usukani, wao wawili nyuma ndio mzigo. Baada ya Buxton, mwinuko ulipoanza, nikafungua mafuta kama fundi alivyoagiza. Injini ikavuta. Kwa kitambo kidogo kioo cha pembeni kilikuwa safi, nikayaona magari ya nyuma na taa zao, na mwamu akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Kisha magari yakaanza kufifia moja moja ndani ya kioo. Nyuma yetu dereva akapiga honi, mwingine akatukana. Ule mkwaruzo ukaacha kuwa mdogo.

"Zima," dadangu akasema.

"Tukifika juu huenda—"

"Kaka, zima."

Nikazima. Tukaisukuma kurudi, mwamu nyuma, amekunja kanzu mpaka magotini, jasho linamtoka. Nilimhurumia. Namhurumia bado.

Fundi akaifungua hapo hapo, tumesimama. Ndani ya silinda palitakiwa pawe na michirizi myembamba, ndiyo inayoshika oili. Palikuwa pamelainika, panang'aa kama kioo. "Hili si neno," akasema, "kioo hukwaruzwa upya, ringi zikatiwa nyingine." Mwamu akavuta pumzi. Lakini fundi akaigeuza silinda kwenye mwanga wa mlangoni, akaona mstari mweusi umeshuka kutoka juu mpaka chini. Akapitisha ukucha wake juu yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukucha ukakwama. Akapitisha tena, taratibu zaidi, na ukakwama pale pale. Mkwaruzo wenye kina kile haufutiki kwa kukwaruza upya.

"N'ni?" dadangu akauliza.

Fundi alimtazama mwamu, na mwamu akatazama chini. Nikamwambia mimi: "Imekufa, dada."

Akakaa juu ya gurudumu bovu lililokuwa mlangoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua aende upande gani wake.