Piyaseeli na Mistari Iliyopotea

Piyaseeli alipofuka kwa surua kabla hajaanza shule. Aliwahi kuniambia kwamba kitu pekee anachokumbuka kukiona ni kijani cha mashamba ya chai nje ya mlango wa jiko lao, na hata hicho hana hakika kama alikiona mwenyewe au alisimuliwa. Mama yake alimpeleka shule ya bweni ya wasioona. Huko akajifunza kusoma nukta nundu kwa vidole, na alipomaliza akapata kazi katika kiwanda chetu kidogo cha kuchapa vitabu vya wasioona hapa Badulla. Mimi nilimkuta hapo. Tulikaa meza moja mpaka sote wawili tukaota mvi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mimi nilikiandika kitabu kwenye kompyuta, mashine ikayatoboa maandishi kwenye karatasi nene, kisha nakala ya kwanza ikaletwa mezani. Nilisoma kwa sauti kitabu cha watu wanaoona, naye akafuata kwa vidole. Palipokuwa na kosa alisema, "Simama." Pasipokuwa na kosa hakusema kitu, na mtu akiingia angedhani nasoma peke yangu na yule mama anapapasa karatasi tu.

Mashine ile ilikuwa zawadi kutoka nchi za baridi. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, nzito kama ndama wa nyati, tukaipa chumba chake kwa sababu ya kelele. Nyuma ilikuwa na tundu moja tu la kuunganishia, la pini tisa, na kompyuta ya enzi zile ilikuwa nalo kama hilo. Waya mnene mmoja ulitoka huku ukaingia kule. Miaka yote hakuna aliyeufikiria.

Mwezi wa Aprili, mwaka mmoja, katika zile radi za alasiri, radi ilipiga karibu, na kompyuta ikafa. Mashine ilipona. Makao makuu Colombo wakatuletea kompyuta mpya, nyembamba, nzuri. Bwana Kusumsiri, meneja wetu, aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Malkanthi, njoo unisaidie macho. Huku nyuma unaona nini?"

"Matundu ya USB, bwana."

"Mengine?"

"La umeme."

Ameushika ule waya mnene mkononi, hana pa kuuchomeka.

Ndipo tukamwita Thilanga, fundi mwenye duka la simu mkabala na stendi ya basi. Alikuwa mtu wa utani. Aliingia chumba cha mashine, akaitazama juu mpaka chini.

"Huyu amenizidi umri," akasema. "Nimwamkie kwanza nisije nikalaaniwa."

"Mwamkie kwa sauti," Piyaseeli akamjibu akiwa mlangoni. "Amezoea kelele zake mwenyewe, zako hatazisikia."

Thilanga alileta adapta, kijiwaya kifupi chenye USB upande mmoja na pini tisa upande wa pili. Akachomeka, kompyuta ikakitambua, mashine ikaunguruma. Karatasi ya kwanza ikapelekwa kwa Piyaseeli. Akapitisha vidole mara moja, akatabasamu.

"Imeandika nini, dada?" Thilanga akauliza.

"Imeandika kama mgonjwa wa homa anayeota."

Fundi akakuna kichwa. Baadaye akatueleza kwamba vifaa hivi viwili vinazungumza kwa kasi tofauti. Kompyuta inamwaga maneno, na mashine imezoea mtu anayesema taratibu. Akapunguza kasi. Karatasi iliyofuata ilitoka safi. Piyaseeli aliisoma yote kwa sauti, kisha akaishika mikononi kidogo kabla ya kuiweka mezani. Kesho yake mke wa Bwana Kusumsiri akatuletea wali wa tui uliokatwa vipande, ule wa siku za baraka, tukaula na sambol, kachumbari ya nazi na pilipili.

Kazi ilikuwa imelala kwa wiki nyingi. Wanafunzi wasioona waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari walikuwa wakingoja kitabu cha historia, ambacho kwa nukta nundu kinakuwa juzuu tano nene. Aliyekuwa akitupigia simu sana ni binti mmoja wa Passara, Nirmani, ambaye alimwita Piyaseeli shangazi ingawa hawakuwa na undugu. Mtihani ulikuwa Agosti. Kwa hiyo Bwana Kusumsiri akaamua kwamba juzuu ya kwanza na ya pili ziende shuleni mara zitokapo, nasi tuzihakiki baadaye kwa nakala tutakayobaki nayo.

"Makosa madogo tutawaambia kwa simu," alisema. Na sisi tuliona ni busara.

Tukaanza kuhakiki. Siku ya kwanza, katikati ya ukurasa, Piyaseeli akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia. Vidole vyake vilikwenda mwisho wa mstari, vikarudi mwanzo, vikashuka, vikapanda.

"Haya, endelea," akasema.

Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Hakusema "Simama." Alisema "Rudia," kisha "Endelea," na sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Alianza kunawa vidole kwa maji ya moto kabla ya kazi. Mchana alikula wali wake haraka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje peke yake, anasugua vidole vya mkono wa kulia kwa vya mkono wa kushoto. Alikuwa na kisukari, na daktari alishamwonya kwamba ganzi huanza miguuni ikapanda mikononi. Mwishowe nikamuuliza ana nini.

"Vidole vimeanza kuniacha, Malkanthi."

"Umejuaje?"

"Naruka. Wewe unasoma maneno, mimi siyakuti. Nilidhani ni uchovu. Si uchovu." Akaiweka mikono mapajani. "Usimwambie Kusumsiri kwanza. Nisipokuwa na vidole, hapa nitakuwa nafanya nini? Nitawapikia chai?"

Nilivuta ile karatasi kwangu. Nukta nundu mimi huzisoma kwa macho, polepole, kama mtu anayehesabu punje za dengu. Nikaweka kitabu cha wanaoona kando yake, nikafuata neno kwa neno. Mfalme alianza kujenga bwawa. Mstari uliofuata kwenye karatasi, mfalme yule yule alikuwa akikimbia nchi. Katikati palitakiwa pawe na utawala wake wote, na uasi wa mpwa wake. Nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Palepale aliposema "Rudia," mistari haikuwepo.

"Dada," nikamwambia, "haimo. Vidole vyako ni vizima. Mistari haimo kwenye karatasi."

Nilitegemea ashushe pumzi. Hakushusha. Aliuliza, "Na vile vitabu vilivyokwenda shule?"

Tulimpigia simu Nirmani jioni ile ile, kupitia mlezi wa bweni. Niliweka spika ili tusikie sote.

"Mwanangu," Piyaseeli akaanza, "ile historia umeisoma?"

"Nimeisoma, shangazi. Ya kwanza yote. Ya pili naikariri sasa."

"Umeielewa?"

"Si sana."

"Huelewi wapi?"

"Pengi. Mtu yuko hapa, mara yuko kule. Nilimuuliza mwenzangu Sumudu, naye hakuelewa. Kwa hiyo nimekariri tu kama ilivyo." Akacheka kidogo kwa aibu. "Nilidhani ni akili yangu, shangazi. Historia sikuwahi kuiweza."

Piyaseeli alimweleza. Alimwambia kitabu ni kibovu na yeye si mbovu, asikariri tena ukurasa hata mmoja mpaka tumletee mwingine. Binti akasema sawa, shangazi. Kisha akauliza, kwa adabu sana, kama kuna njia ya kujua ni ukurasa upi mzima na upi si mzima, maana alishakariri kurasa nyingi. Piyaseeli akanipa simu niendelee kuongea. Hakuweza.

Thilanga akaja tena. Safari hii hakutania. Alitwambia mashine ina tumbo dogo. Maneno yakijaa, huinua mkono kuiambia kompyuta ingoje kidogo. Inavyoonekana, mkono ule hauonekani upande wa pili. Kompyuta inaendelea kumwaga, na yanayomwagika ndiyo mistari yetu.

"Sasa nani anauficha huo mkono?" akauliza Bwana Kusumsiri.

"Huenda ni adapta. Hizi nyingi ni za bandia, kilicho ndani humjui baba yake."

Akaagiza nyingine Colombo. Ilipokuja, kompyuta ikakataa kuitambua kabisa. Ikasema kifaa hakijulikani, na Thilanga akashinda siku nzima akitafuta programu ya kuitambulisha. Ya tatu ilitambuliwa, ikatoboa kurasa tano safi, tukatazamana. Wa sita ukakosa mistari miwili. Alibadilisha waya. Alipunguza kasi mpaka mashine ikawa inagonga kama mzee anayepanda ngazi. Mistari ikawa inapotea mara chache zaidi, lakini ikapotea, na hapakuwa na mpangilio wa kusema ni wapi.

"Niseme ukweli," Thilanga akasema, amekaa sakafuni, shati limelowa jasho. "Sijui tena. Inawezekana si adapta. Inawezekana ile radi ilimgusa na huyu bibi mashine mwenyewe, mahali nisipopajua. Waliomtengeneza hawapokei simu, kiwanda kilishafungwa. Dada, nisamehe."

"Kosa lako nini?" Piyaseeli akamwambia. "Inuka, sakafu ina baridi."

Bwana Kusumsiri alipiga simu makao makuu. Akarudi ameshika miwani mkononi.

"Wamesema mashine mpya itakuja. Tusubiri."

"Lini?" nikauliza.

"Sikuambiwa lini. Nimeambiwa tusubiri."

Thilanga ndiye aliyetoa wazo la mwisho. Tusipeleke kitabu kizima kwa mpigo mmoja. Tupeleke ukurasa mmoja, tungoje tumbo liwe tupu, ndipo upelekwe mwingine. Tumbo linakuwa tupu lini, taa za mashine hazikuonyesha, lakini mlio wake ulibadilika. Mimi sikuusikia. Piyaseeli aliusikia. Akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa kile chumba, shali masikioni kupunguza kelele, na kila ukurasa ulipokwisha akasema, "Sasa." Mimi nikabonyeza. "Sasa." Nikabonyeza. Kila ukurasa akaukagua palepale, kwa sababu hata kwa njia hiyo mashine iliiba mstari mara mojamoja, tukaurudia ukurasa mzima. Alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Usingizini, dada yake aliniambia, alisema "Sasa."

Hatukuuwahi mtihani. Juzuu ya kwanza tuliimaliza Juni, ya pili Julai. Ya tatu Bwana Kusumsiri aliipeleka shuleni mwenyewe kwa basi, kwenye mvua, kaifunga kwa nailoni, wanafunzi wakiwa wanafunga mabegi yao kuja mjini kwenye chumba cha mtihani. Ya nne haikuwa imeanza.

Siku ya karatasi ya historia, alasiri, Nirmani alipita kwetu na baba yake kabla ya basi la Passara. Nikawapa chai na kipande cha sukari guru. Piyaseeli alimshika binti mkono.

"Ilikuwaje?"

"Maswali mawili yalitoka kule ambako hatukufika, shangazi."

"Uliandika nini?"

"Niliandika nilivyosikia wenzangu wanaoona wakisomeana usiku. Nilikaa karibu na vitanda vyao bwenini." Akanywa chai. "Lingine nililiacha."

Baba yake, mchuma chai, hakujua adapta ni nini wala tumbo la mashine ni nini. Akatushukuru kwa taabu yetu. Alitushukuru mara mbili, na sote tulikuwa tunatazama chini.

Alama zake hazikutosha kuingia chuo kikuu. Wengi huurudia mtihani, naye akasema ataurudia mwaka unaofuata.

Piyaseeli alistaafu Desemba ile, umri wake wa kustaafu ulipofika. Kuanzia hapo mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Sisikii anachokisikia, kwa hiyo kila ukurasa nangoja zaidi ya inavyotakiwa, kwa tahadhari, na kazi inakwenda nusu ya mwendo wetu wa zamani. Mashine mpya haijafika. Thilanga hupita akipata nafasi, ana adapta mfukoni, huijaribu, huirudisha mfukoni.

Jumapili Piyaseeli hunipigia simu kutoka kwa dada yake.

"Mmefika wapi?"

"Ya tano, dada. Katikati."

"Bado?"

"Bado."

Kisha huniuliza kama kwetu mvua imeanza.