Maji ya Kijani ya Mtaalamu

Nilianza dawa za kufubaza virusi nikiwa nimekonda hadi majirani wa Keko wakaacha kuniletea makochi niyavishe vitambaa. Enzi hizo vidonge vilikuwa asubuhi na jioni, na ndoto za ovyo juu yake. Sasa ni kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani. Wale walionikadiria mwaka mmoja wa kuishi, baadhi yao wameondoka na presha na kisukari, na ubwabwa wa misiba yao nimepika mie.

Mdogo wangu anauza supu ya utumbo Vingunguti, karibu na machinjio. Naye anaishi na virusi. Alimeza dawa miaka mingi, kipimo kikawa hakivioni tena, na hapo ndipo akachoka kumeza dawa ya ugonjwa asiousikia mwilini. Mtaalamu akamnasa hapo hapo.

Mtaalamu ndivyo alivyojiita. Alikuwa na kibanda, koti jeupe lenye kola nyeusi kwa uchafu, na madumu ya maji ya kijani.

"Za hospitali zinavilaza tu," alimwambia mdogo wangu mbele yangu. "Mie navitoa. Ila havitoki kama bado unameza sumu ile."

"Umemponya nani?" nikamuuliza.

"Sista, imani yako ndogo."

Mdogo wangu akaacha vidonge bila kuniambia. Akizidiwa anameza kimoja kimoja, akipata nafuu anarudi kwenye dumu. Baada ya miezi akawa anakohoa, mdomo umejaa utando mweupe, sufuria ya supu anaisimamia mtu mwingine. Nikampeleka kliniki. Virusi vilikuwa vimerudi kwa wingi na vimeshaizoea dawa yake. Nesi hakumgombeza. Walimbadilishia dawa, na taratibu mwili ukarudi.

Baadaye nilipata kazi ya makochi kwenye nyumba mpya Mbweni. Tarehe yangu ya dawa ikanikuta huko, nikaingia kliniki ya karibu. Kwenye benchi alikaa Mtaalamu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mtaalamu."

"Marahaba. Nimemsindikiza mgonjwa."

Nesi akachungulia mlangoni. "Mzee, umesahau kopo lako mezani."

Akaenda kulichukua. Lilikuwa kopo la vidonge kama langu.

"Tangu lini?" nikamuuliza alipotoka.

"Zamani. Kabla ya kibanda."

"Na ile ya kijani?"

"Ile ni biashara, sista. Nina watoto. Usinitangaze."

Nilimtazama viatu vyake, vimeng'arishwa vizuri, nikaona hata kumtukana ni kumpa heshima. Ugonjwa wake sikuutangaza. Siri ya kopo si yangu, hata likiwa la mtu wa aina ile. Lakini mdogo wangu nilimwambia maji yale ni uongo mtupu, naye akawa anawasimulia wateja wake wa supu yaliyompata, bila kuona haya. Wanunuzi wakapungua, kibanda kikahamishwa. Nasikia siku hizi anauza mtaa mwingine.

Dawa haiulizi tabia ya anayeimeza. Mara ya mwisho nilipomwona kwa mbali, mashavu yamejaa, anatembea kama kijana, na kwa jinsi anavyomeza kwa nidhamu ile aliyowanyima wengine, huenda akatuzika sote.