Mama Pembe na Mtu wa Nyundo

Jina la Mama Pembe alipewa na watoto wa chekechea aliyofundisha, kwa kuwa kila kitu aliwaulizia pembe. Mlango una pembe ngapi? Na sahani je? Wazazi walitania kwamba siku moja pembe hizo zitamwota yeye mwenyewe kichwani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mpole hata kwa nzi.

Sakafuni mwa darasa alikuwa amechora maumbo kwa rangi: duara chini ya dirisha, mraba katikati, pembetatu mbele ya stoo. Akitaja umbo, watoto hukimbilia hapo wakisukumana na kucheka.

Asubuhi moja watoto walikuwa wamesimama kwenye mraba baba wa mtoto mmoja alipoupiga mlango teke. Mkewe alikuwa amemkimbia wiki iliyotangulia, uso umevimba, akamwomba mwalimu asimpe mtu mwingine yeyote mtoto wake. Mwanamume huyo alikuwa ameshika nyundo. Alisema amemfuata binti yake, na atakayemzuia atajuta kuzaliwa.

"Wanangu," Mama Pembe akasema bila kugeuka, "pembetatu."

Wakakimbia. Mpishi, aliyekuwa stoo akipima unga, akawavuta ndani na kufunga komeo.

Mama Pembe akasimama njiani. Nyundo ilimpata kwenye kiwiko, akasikia mfupa ukikatika kama ukuni mkavu. Pigo la pili lilipasua ubao juu ya kichwa chake. Akaokota kigoda kwa mkono uliobaki mzima, akamtandika nacho kwenye paji la uso. Mtu yule akaanguka. Akampiga tena, mbavuni, mgongoni, mdomoni, nyundo ikiwa imeshamtoka mkononi, mpaka mpishi alipotoka na kumkumbatia kwa nyuma.

"Dada, basi. Utamuua."

"Niache nimuue," akajibu, na hakuwa anatania.

Mwanamume alipona, akafungwa. Watu walimsifu Mama Pembe, lakini sifa hazikumwingia. Alimwambia mpishi kwamba kilichomtisha si ile nyundo, ni utamu alioupata alipoiona damu ya yule bwana.

Aliporudi kazini baada ya miezi mitatu, mkono haukunyooka tena. Watoto wawili walijificha nyuma ya mpishi. Mlango wa stoo ulikuwa na ufa, na siku ile walikuwa wamechungulia yote. Hakuwaita. Alikaa sakafuni, mbali nao, akangoja. Wa kwanza alimsogelea siku ya nne.