Kiti cha Mtu Mmoja

Pikipiki yangu niliitengeneza kwa ajili ya barabara moja. Barabara hiyo niliiona nikiwa na miaka kumi na miwili, nimekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, mama akinishika shati. Tulikuwa tunakwenda Kabondo-Dianda kwa mjomba, mdogo wake mama. Kamina kwetu ni tambarare. Sikuwa nimewahi kuona barabara ikijipinda mlimani, ikijificha na kutokea tena chini. Nikajiambia nitairudia peke yangu.

Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilinunua pikipiki ya Kichina iliyochoka, nikatazama video kwenye simu, nikaharibu, nikarudia. Niliinua springi, nikatengeneza masanduku mawili ya bati ya pembeni. Katika picha zote nilizozipenda za pikipiki za safari ndefu, mwendeshaji alikuwa peke yake. Basi nikakata fremu ya nyuma, nikaweka kiti cha mtu mmoja. Jirani yetu, mke wa mwanajeshi wa kambini, alicheka hadi akatua beseni lake. Alisema hapa Kamina hata baiskeli inabeba watu wawili na mbuzi, ila mimi nimeunda chombo cha kumbebea mchoyo.

Kisha habari ikaja kwamba mjomba ni mgonjwa sana. Mama alitoka uani na mfuko mkononi, akaizunguka pikipiki akitafuta pa kukaa. Nikamwomba asubiri, nitamtengenezea kiti.

"Funga tu ubao," alisema. "Minyi, mama yako, naenda kuona ndugu yangu, hapana kuona kiti."

Ubao ungetosha. Nililijua hilo palepale, na sijawahi kumwambia. Lakini ubao ungeonekana vibaya. Nilichomelea chuma, kikapinda kwa unene wa kucha, nikakikata. Siku ya pili nilishona ngozi, mshono ukaenda upande, nikaufumua. Nikiwa bado nafumua, mama alipanda baiskeli ya mtu aliyeleta samaki wakavu kutoka Kinkondja, aliyekuwa anarudi bila mzigo kupitia Kabondo-Dianda. Hakuniaga. Nami, badala ya kumkimbilia, niliendelea kushona siku tatu nyingine.

Mlimani pikipiki ilitulia katika kila kona, kama nilivyoota. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilimkuta mama amekaa chini na wanawake wa msibani. Alikuwa amefika siku moja baada ya mazishi.

"Siku mbili alikuwa anaulizia minyi," alisema bila kunitazama. "Siku mbili."

Alirudi Kamina kwa lori. Siku hizi nabeba abiria, na wengi wanasifu kile kiti, jinsi mshono ulivyonyooka. Jumapili nikimkuta mama njiani akienda misa, napunguza mwendo kando yake. Ananiambia nitangulie.