Majaji wa Kijiwe cha Kahawa

Kwetu Chang'ombe kulikuwa na mahakama isiyojua likizo. Ilikaa kila asubuhi nje ya nyumba yetu, muuza kahawa akishatua birika lake tu. Majaji walikuwa wazee wa mtaa, wengi wao wastaafu wa viwandani, na kesi zao zilikuwa nzito: za vigogo, za wanasiasa, za wasanii wanaogombea watoto. Kesi za wizi wa kuku hawakuzipokea.

Na sheria walizijua, jamani. Mzee aliyeshindwa kuamua ugomvi wa wake zake wawili alikueleza pingamizi la awali mpaka kahawa ikapoa. Wakili akiteleza mahakamani, picha ikifika kwenye simu zao walimsomesha upya. Mkuu wao alikuwa fundi mwashi mstaafu, na hakuna hukumu iliyosomwa nchi hii bila yeye kuipitia.

Baba alipofariki, baba mdogo alikuja kutoka Kunduchi akadai nyumba ni yake, kwamba alimkaribisha tu kaka yake aishi. Mama hakuwa na hati. Zamani watu waliuziana viwanja mbele ya mashahidi, wakasoma Fatiha, yakaisha. Waliokuwepo siku ile na bado wako hai walikuwa wawili, fundi mwashi na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, wote wa hapohapo kijiweni. Mie nilikuwa sijazaliwa, maneno yangu yasingesaidia kitu.

Mama akajitanda kanga, akaenda kuwaomba.

"Shemeji, hiyo si ya kuomba," fundi akasema. "Kiwanja mlinunua mie nikiwa nimesimama pale, na msingi nimeujenga kwa mikono yangu. Usiwe na presha kabisa. Sie tupo."

Kesi ilipoitwa mara ya kwanza walikuwa mazikoni, ikaahirishwa. Sikuwalaumu. Kabla ya mara ya pili mwenyekiti wa Baraza la Ardhi alituonya kwamba hataahirisha tena, na wote wawili wakaambiwa hivyo. Asubuhi ya siku yenyewe tuliwakuta kijiweni wamevaa kanzu safi.

"Tangulieni, tunakuja nyuma yenu," wakatuambia.

Mwenyekiti akauliza mashahidi wetu wako wapi. Mama akageuka kutazama mlango. Nikatoka kumpigia fundi, simu ikaita kidogo ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Nikampigia jirani, yake ilikuwa imezimwa. Baba mdogo alikaa ametulia na mashahidi wake, watu ambao mtaani kwetu hatujawahi kuwaona hata msibani. Mwenyekiti alisubiri, nisimsingizie. Kisha akafunga ushahidi wa upande wetu.

Muuza kahawa ndiye aliyekuja kunieleza. Asubuhi ile hukumu ya kigogo mmoja ilikuwa inasomwa moja kwa moja mtandaoni, na simu ya fundi ndiyo pekee iliyokuwa na bando. Kila nikipiga, picha inaganda, majaji wanapiga kelele, naye anaikata. Walisema wataondoka ikishasomwa adhabu. Hakimu akawa na maneno mengi.

Uamuzi wa kesi yetu ulipotoka, nyumba ilikwenda kwa baba mdogo. Tulirudi jioni na bajaji, mama analia kimya, mie nimefura kwa hasira mpaka sioni njia. Walikuwepo, kama kawaida yao. Fundi akasimama kwa heshima, akatupa pole, akataka aelezwe yote tangu mwanzo. Alisikiliza amefumba macho, kama anavyosikilizaga kesi kubwa.

"Hukumu iko sawa kisheria," akasema hatimaye. "Mlipoteleza, shemeji, ni kwenye mashahidi. Hamkupeleka hata mmoja."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nikafungua mdomo nimtukane, mama akanishika mkono.

"Ni kweli, shemeji," akasema, akaingia ndani kuanza kufunga vyombo.