Mama Taa na Sauti za Watoto Pangoni

"Hivi jirani, ukishawatoa watoto wa watu, unarudi humo pangoni kuongea na nani?"

Swali hilo Mama Taa aliulizwa zamani na jirani yake wa ukuta mmoja, wakianika nguo. Alicheka tu, akaendelea kukamua shuka.

Saa tatu asubuhi Mama Taa, kama wanafunzi wanavyomwita, amesimama kwenye mdomo wa pango, buti za kamba miguuni, taa ya betri mkononi. Mbele yake wamejipanga watoto arobaini wa darasa la tano, waliokuja kujifunza habari za mawe na popo. Haingii hata mmoja kabla hajatamka jina lake kwa sauti, uso kwa uso naye.

"Sema kama unavyomwita mama yako ukiwa na njaa," anamwambia mmoja anayenong'ona.

Wenzake wanaangua kicheko. Mtoto anapaza sauti. Mama Taa anafumba macho, anasikiliza, anampisha.

Amefanya kazi hii ya kuongoza ziara za shule miaka ishirini na mmoja. Aliianza mume wake alipoumia mgongo kiwandani, nyumbani kuna watoto watatu na yeye elimu yake darasa la saba. Mshahara wake haufiki nusu ya ule wa mwalimu. Hata hivyo, kwa rehema za Mungu, wote watatu wamemaliza shule.

"Vichwa nahesabu, sikatai," anasema. "Ila gizani kichwa hukioni. Sauti unaisikia. Nikishaisikia pale nje, hata mtoto akikohoa ndani namjua ni nani."

Sasa utaratibu huo uko hatarini. Ofisi inayosimamia pango imepokea malalamiko kwamba shule zinacheleweshwa. Kuanzia mwezi ujao, watoto wahesabiwe vichwa tu, wakiingia na wakitoka, basi. Mama Taa atie saini au aachie lango. Mwisho wa kusaini ni leo.

Anachokiogopa kilitokea miaka tisa iliyopita. Siku hiyo zilikuja shule mbili zenye sare za rangi moja. Mwalimu wa shule ya kwanza alihesabu watoto wake nje, akapata thelathini na wanane, hesabu kamili. Hakujua kwamba mmoja wao ni wa shule ya pili, aliyemwona binamu yake akajipenyeza kwenye mstari.

Gari lilikuwa linanguruma. Mama Taa akarudi ndani kama kawaida yake, akauliza, "Kuna aliyebaki?"

Akasikia kikohozi.

"Nilikitambua palepale. Cha binti mmoja mwenye sauti ya kukwaruza."

Mwalimu, aliyemfuata hadi mdomoni mwa pango, alikuja juu. "Mama, huo ni mwangwi. Tuache twende, njia ni ndefu!"

"Mwangwi wa nani, mwalimu, na sote tumenyamaza?"

Alimkuta binti nyuma ya nguzo ya tatu ya mawe, amekaa, mikono magotini, macho makavu. Hakuwa na taa.

"Umefanya vizuri kukohoa, mwanangu."

"Sikukohoa mimi, bibi," mtoto akajibu. "Amekohoa huyu."

Akaonyesha ubavuni pake. Palikuwa na jiwe, limeloa.

"Nilimshika mkono, nikasali sala zote ninazozijua mpaka nje," Mama Taa anasema. "Sikugeuka."

Na yeye alimweleza nini mwalimu?

"Nimweleze mambo hayo, anione nimerukwa na akili? Nilimwambia, mtoto wako huyu hapa."

Tangu hapo hajawahi kuliacha swali lake la mwisho. Mara nyingi hajibiwi, anasema. Mara nyingi. Kisha anainama kufunga kamba ya buti ambayo haijafunguka.

Saa tano watoto wa leo wanatoka, wamechafuka magoti, wanapiga kelele kwa furaha.

"Bibi, popo nao wana majina?"

"Wanayo, ila wana kiburi, hawaitiki."

Majina arobaini, vichwa arobaini. Gari linasubiri. Mama Taa anaingia, anauliza, anatega sikio, anatoka, ndipo gari linaondoka.

Anatumaini kubakishwa miaka miwili kabla ya kustaafu, amfundishe kazi dada msafishaji wa pale. "Ana masikio yule. Mtu akimsengenya getini, yeye anasikia chooni."

Mkaguzi wa ofisi anafika saa sita, faili kwapani. Anaweka karatasi na kalamu mezani kwenye kibanda cha lango.

"Mama yangu, tusisumbuane. Vichwa vinatosha. Tia saini."

"Mwanangu, mimi siwezi. Tia wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Andika hivi: nimehesabu vichwa vya leo, nathibitisha hakuna aliyebaki ndani. Utie na jina lako."

Mkaguzi anacheka. Anavuta kiti, anachukua kalamu, anaandika maneno hayo yote kwa mwandiko mzuri. Anapofika mahali pa jina, mkono unasimama.

Kutoka kibandani, mdomo wa pango unaonekana wazi. Hakuna upepo. Pango liko kimya, kimya cha mtu aliyezuia pumzi.

Mkaguzi anageuza shingo kidogo, kama anayesikiliza. Dakika nzima inapita.

Anafunika kalamu, anaikunja karatasi ile isiyo na jina mara nne, anaitia mfukoni. Anainuka, anatoka getini.