Myahudi Wetu Asiyemwamini Mungu

Enzi zetu, sisi watoto wa ghorofa zile za matofali karibu na stesheni ya Seven Hills, huku Australia, jirani hakuwa mtu wa kupungiwa mkono dirishani. Jirani ulijua amepika nini, kwa sababu harufu ilikuwa imeshaingia kwenu kabla yake. Kwetu ilitoka ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki mkavu. Mlango uliotazamana na wetu ulitoa ya vitunguu vya kukaanga na keki ya mdalasini. Humo waliishi Muzee Maksi na Bibi Rosa, Wayahudi waliokuja Australia kutoka Ulaya kabla hata baba zetu hawajazaliwa.

Nawaandikia nyinyi mliokula ile keki. Mnajijua. Nimekasirika, na sababu nitaisema, ila kwanza tucheke.

Mnakumbuka kombolela ya kwenye ngazi? Tunapanda peku, viatu mkononi, tusisikike. Mpira wa soksi nao ukigonga dirisha la chini, kila mtu anakuwa hajui kiingereza. Watoto wa leo ukimwambia nenda ukajifiche, anauliza kwanza kama huko intaneti inafika.

Na Ijumaa je! Bibi Rosa alishika Sabato yake kweli kweli. Jua likishazama hagusi swichi mpaka Jumamosi jioni, kwa hiyo taa zake aliziwasha mapema. Lakini alikuwa msahaulifu, kila wiki alisahau moja, na dini yake haikumruhusu kututuma tukaiwashe. Basi anafungua mlango, anasimama kwenye korido, anaiambia hewa: "Jamani, jikoni kwangu leo kuna giza!" Mbio! Wa kwanza kufika anabonyeza, halafu anasimama karibu na keki, kimya, anaitazama. Na sisi kwetu tulifundishwa kutoomba. Tulielewana naye sana.

Muzee Maksi anakuwa hapo hapo kitini anatucheka. Yeye hakuamini kama kuna Mungu, na hakuficha. Walibishana juu ya Mungu huku wanamenyea viazi kwenye sufuria moja. "Yuko wapi basi, mbona hajitokezi?" "Amekuchoka wewe, ndiyo maana!" Siku yao kubwa ya kufunga, Muzee naye hali. Ukimuuliza, anajibu: "Nile na nani?" Walipita kwenye vita vile vile kule Ulaya, vya kuwaua Wayahudi, wakapoteza ndugu wote. Bibi Rosa alitoka na Mungu wake, Muzee akatoka bila.

Baba yangu hakuyajua haya. Alikuwa kwenye ghala la mizigo kutwa, na kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Yeye alijua tu kwamba ametoka Uvira, akapita kambi ya wakimbizi Kigoma miaka yote ile, na Mungu amemleta kuishi mlango kwa mlango na watu wa Biblia. Wageni wakija kutoka vitongoji vya Parramatta na Cabramatta, kabla ya chai anawaonyesha ule mlango. "Hapo! Uzao wa Ibrahimu!" Wanautazama kama wameonyeshwa Yerusalemu.

Mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa, Baba akaita kanisa zima nyumbani tumshukuru Mungu. Sahani mpaka bafuni. Muzee Maksi akaja na Bibi Rosa, shati lake limepigwa pasi, akijua ameitwa kula. Baba akasimama, akanyoosha mkono. "Muzee, tuombee mutoto kwa lugha ya Musa."

Nikatafsiri, maana mtafsiri wa nyumba nilikuwa mimi, na nilikuwa na miaka tisa. Muzee akainuka taratibu. Akasema, nami nikageuza neno kwa neno mbele ya watu wote: "Rafiki yangu, mimi siamini kama Mungu yupo. Nikiomba hapa nitakuwa nakudanganya wewe, na wewe upo."

Mama mmoja akaacha kijiko hewani. "Yesu! Muyahudi gani huyu?"

Bibi Rosa akamvuta mumewe shati. "Maksi! Ungekula tu unyamaze!"

Baba alicheka, lakini macho hayakucheka. Wageni walipoondoka akatukusanya. "Mutoto wangu asivuke ule mlango tena. Asiye na Mungu atamufundisha nini?" Tulilia kama tumefiwa. Kwetu ule mlango ulikuwa ndio babu na bibi tuliobaki nao.

Ijumaa ikafika. Baba yuko nyumbani na Biblia yake, sisi tumepangwa kwenye kochi. Korido ikasema: "Jikoni kuna giza!" Hakuna aliyeinuka. "Giza kubwa leo!" Tukamtazama Baba, Baba akafunua ukurasa. Halafu tukasikia sufuria linaanguka na Bibi Rosa anapiga kelele.

Baba akafunga Biblia. "Njoo," akaniambia.

Niliwasha taa mimi. Supu imetapakaa sakafuni, na Muzee Maksi yuko magotini na kitambaa, alikuwa akiipangusa kwa kupapasa gizani. Swichi iko juu ya kichwa chake! Baba akaitazama swichi, akamtazama yeye.

"Mwulize. Kwake Mungu hayupo. Sasa nani anamkataza kuwasha taa?"

Muzee akajibu bila kuinuka: "Hakuna. Ila hii ni Sabato ya Rosa, na mimi naishi humu."

"Tangu tuoane," Bibi Rosa akasema. "Mdomo wake hausikii, lakini mkono haujawahi kugusa."

Baba akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, wakapangusa supu pamoja. Tuliporudi akamwambia Mama, "Pagani yule ananishinda kushika Sabato. Watoto waende."

Mama, bila hata kugeuka kutoka jikoni: "Walikuwa wanakwenda tangu Jumatatu. Wewe si uko kazini?"

Sasa niwaambie hasira yangu.

Mwaka huu wametufungia ndani kwa ajili ya korona. Mume wangu anatoka na barakoa kwenda shifti, helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa, mimi na watoto tunatazamana. Furaha ya binti yangu Amani ni moja, Jumamosi asubuhi, kucheza kwenye skrini na watoto wenu na Talia wa darasa lao. Mama mmoja kati yenu akataka waanze kwa sala. Mama yake Talia akasema kwa adabu kwamba wao ni Wayahudi, ila si watu wa dini. Kufika jioni grupu letu la akina mama kwenye simu limechafuka: tuwatoe watoto wetu, Wayahudi gani hao wasioamini Mungu. Na aliyeandika hivyo ndiye aliyenisukuma ukutani kila Ijumaa akimbilie swichi! Nilitaka kuvunja simu.

Jumamosi iliyofuata skrini ilikuwa na nyuso mbili. Amani akaniuliza, kwa kiingereza chake, kama wenzake ni wagonjwa. Nikamwambia ni wazima, mama zao wamekataa. Akarudi kuonyeshana na Talia meno yaliyong'oka.

Enzi zetu Baba alikataa pia, tena kwa ukali kuliko nyinyi. Lakini hata akikasirika, alikutana na Muzee kwenye ngazi kila siku, kila mmoja na mfuko wake wa taka, na salamu ikabidi. Ugomvi wa Mungu ulikuwa na sura, na ile sura ilikuwa inazeeka mbele yako. Leo mnabonyeza simu, mtu anapotea, mnaendelea na chai. Hamjamuona hata akishangaa.

Mimi sitabonyeza. Kesho saa nne Amani atafungua, na Talia atakuwepo. Anayetaka mtoto wake acheze, amlete. Sala asalie kwake kabla hajawasha.